DOGO KACHORA UKUTA? KABLA HUJASHIKA FIMBO, SOMA KWANZA HISTORIA HII YA KUTA ZA KUSINI

Wiki kama tatu zilizopita, usiku, sista wangu aliyeko Nachingwea kanitumia picha WhatsApp bila hata salamu. Ukuta wa sebuleni, nyumba ya kupanga, rangi ya krimu, umechorwa kuanzia mlangoni mpaka kwenye kabati la vyombo. Kreyoni nyekundu, bluu, kijani, zote zimetumika. Chini ya picha kaandika: "Mwenye nyumba anakuja tarehe moja. Nifanyeje?"

Mchoraji mwenyewe ana miaka minne. Baba yake yuko Ruangwa kwenye kazi za mgodini, nyumbani anaonekana mwisho wa mwezi. Katika ile mikwaruzo yote kuna sehemu moja nyuma ya mlango ambayo ukiitazama vizuri unaona mtu mwenye kofia kubwa, pembeni yake pikipiki yenye magurudumu matatu. Sista akamtumia mumewe picha ileile. Shemeji akajibu neno moja tu: "Usifute."

Hapo ndipo kesi ilipoanza. Mwenye nyumba anataka ukuta wake, baba anataka mchoro wake, na mama ndiye ameshika kitambaa. Mimi nikaingia mtandaoni kutafuta namna ya kutoa kreyoni ukutani, nikajikuta nimefika karne ya 14. Leo hatuongelei staa yeyote. Tunaongelea watu ambao hakuna aliyeandika majina yao: waliochora kwenye kuta, na waliopewa kazi ya kufuta.

Wachoraji wa Songo Mnara

Tuanzie mkoa huohuo wa Lindi, ila tushuke pwani. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni magofu yaliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Watalii wanapiga picha misikiti na majumba ya matumbawe, wanaondoka. Lakini kwenye baadhi ya kuta, juu ya lipu ya chokaa, kuna mikwaruzo midogo midogo. Ni majahazi: mlingoti, tanga, kamba. Kuna mtu alichukua kitu chenye ncha akachora chombo alichokiona baharini, ndani ya nyumba ya mtu. Michoro kama hiyo ipo pia Gedi, kule Kenya, na kwenye magofu mengine ya pwani.

Aliyechora ni nani? Baharia? Mtoto aliyekuwa anamsubiri baba yake arudi na pepo za kusi? Hakuna jina. Tunachojua ni kwamba ile lipu ilitengenezwa kwa matumbawe yaliyochomwa, ilikuwa kazi ya gharama na ya jasho, na bila shaka kuna mama mwenye nyumba alikasirika.

Kapande Mombasa sasa. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Ndani yake askari walichoka kukaa tu wakitazama bahari, wakachora ukutani kwa weusi wa mkaa na udongo mwekundu: meli, samaki, watu, makanisa. Leo ile sehemu ya ukuta inalindwa kama mboni ya jicho. Ukiisogelea na kitambaa chenye sabuni utaitiwa askari. Ni kitendo kilekile cha dogo wa Nachingwea. Miaka mia nne imepita, na hakuna aliyewahi kufuta, basi.

Penseli inafika bara

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijapoa, Mjerumani mmoja aitwaye Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala akikusanya habari za makabila ya kusini. Kati ya mambo aliyofanya, aliwapa watu karatasi na penseli akawaambia wachore. Wapagazi na wanavijiji wakachora wanyama, watu, na vitu vya maisha yao. Mwaka 1908 akatoa kitabu, na michoro mingine ikachapishwa humo.

Angalia hapo. Mtu mzima aliyechorewa karatasi ya mgeni, mchoro wake ukaenda Ujerumani. Mtoto aliyechora kwa mkaa kwenye ukuta wa udongo wa nyumba ya Kimwera, mchoro wake haukufika popote, maana ukuta wa udongo una dawa yake. Mvua ikipita, lipu ikipasuka, mama anachanganya udongo na maji, anakandika upya kwa kiganja. Kama kulikuwa na ng'ombe wa mkaa pale, kwaheri. Hakukuwa na haja ya kusugua wala kununua kitu. Ukuta ulikuwa unazaliwa upya kila msimu, na aliyeuzaa alikuwa mwanamke ambaye hakuna kitabu kilichomtaja.

Na penseli yenyewe ina stori ya kufurahisha kwa watu wa Ruangwa. Ile nyeusi ya ndani siyo risasi, ni kinywe. Mwaka 1795 Ufaransa ikiwa vitani na Uingereza, ilikosa kinywe kizuri kutoka kwa adui yake. Jamaa mmoja aitwaye Nicolas-Jacques Conté akasaga kinywe hafifu, akachanganya na udongo wa mfinyanzi, akachoma kwenye tanuri. Mpaka leo penseli zinatengenezwa kwa wazo hilohilo. Sasa uliza kinywe kinachimbwa wapi Tanzania, Ruangwa utaisikia mapema sana. Siku hizi wanakitaka kwa ajili ya betri za magari ya umeme, lakini ni kitu kilekile kinachoacha mstari kwenye daftari la darasa la kwanza.

Na raba? Kabla ya 1770 watu wa Ulaya walifuta penseli kwa kutumia nyama ya mkate. Mwaka huo Mwingereza Joseph Priestley akaandika kuhusu kitu kipya kinachouzwa London kinachofuta vizuri: kipande cha mpira. Jina la mpira kwa Kiingereza limetokana na kusugua. Na karne ya 19, kabla mashamba makubwa ya mpira hayajashamiri, mpira wa porini kutoka bara la Lindi na Kilwa ulikuwa bidhaa kubwa ya kuuza nje. Watu walikata mitambaazi msituni, wakakusanya utomvu, wakabeba kichwani mpaka pwani. Kwa hiyo udongo wetu wa kusini umetoa vyote viwili, cha kuchorea na cha kufutia. Majina ya waliobeba, tafuta mpaka kesho.

Nachingwea ilivyokatiwa miti kwa ajili ya sabuni

Hii ndiyo iliyonikalisha kitako. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula na ya viwandani. Siagi ya mimea ilikuwa kwa mgao, na sabuni nayo ilikuwa kwa mgao tangu 1942 hadi 1950. Kampuni ya United Africa, mtoto wa Unilever, wale wauza sabuni na siagi, ikatoa wazo: tulime karanga Tanganyika, tukamue mafuta. Mwaka 1947 kazi ikaanza. Sehemu zilikuwa tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea.

Matingatinga yakaja, misitu ikaangushwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikavutwa mpaka Nachingwea. Mji ukainuka katikati ya pori. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ikatangaza kuachana na mpango, hasara ikiwa karibu pauni milioni 36. Ile reli nayo ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vikang'olewa.

Wakubwa wa mpango ule wameandikwa vitabuni. Lakini kwenye zile nyumba za wataalamu kulikuwa na watu waliofua, waliopiga deki, waliosugua alama za vidole vya watoto wa mabosi kwenye kuta nyeupe. Majina yao yako wapi? Pori zima liligeuzwa shamba ili Mwingereza apate sabuni, na Mwafrika aliyeishika hiyo sabuni kila asubuhi hakuhesabika.

Kreyoni ni ya nani?

Mwaka 1903 kampuni ya Binney & Smith ya Marekani ilitoa boksi la kreyoni nane kwa senti tano. Kabla ya hapo walikuwa wakiuza rangi nyekundu ya kupaka mabanda ya shambani, masizi meusi ya viwandani, na chaki. Jina Crayola lilibuniwa na Alice Binney, mke wa mmoja wa wenye kampuni, ambaye alikuwa mwalimu. Alichukua neno la Kifaransa la chaki akaliunganisha na kipande cha neno linalomaanisha mafuta. Wengi wanaijua kampuni, mama hawamjui.

Na hapo kwenye "mafuta" ndipo siri yote ilipo. Kreyoni ni nta ya mafuta ya petroli iliyochanganywa na rangi. Chaki inakaa juu ya ukuta kama vumbi, kreyoni inanata kama mshumaa. Ndiyo maana ukimwagia maji matupu yanateleza tu, mstari uko palepale unakucheka.

Kuna na hii. Miaka ya 1930 kule Cincinnati, Marekani, kampuni ya Kutol ilikuwa ikiuza donge laini la kusafishia karatasi za ukutani zilizoingia masizi ya makaa ya mawe. Watu walipoacha kupasha nyumba joto kwa makaa, biashara ikaanza kufa. Mwalimu wa chekechea, Kay Zufall, akagundua watoto wanalipenda lile donge kwa kufinyanga. Mwaka 1956 likaingia sokoni kama Play-Doh. Yaani dawa ya kufuta ukuta ikageuka toi la mtoto. Historia nayo ina utani.

Haya, tufute

Nilimpigia sista nikamwambia: usiguse kitu mpaka ujue ukuta wako umepakwa nini. Hapo ndipo wengi tunachemka.

Rangi ya mafuta, ile inayong'aa: hapa una bahati. Chovya kitambaa kwenye mafuta ya kula kidogo sana, pitisha juu ya mstari taratibu. Nta inalainika kwa mafuta mwenzake. Kisha osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji mpaka utelezi uishe, halafu kausha. Sasa unaelewa kwa nini shule na ofisi nyingi zinapaka sehemu ya chini ya ukuta rangi ya mafuta yenye giza. Ni kimo cha mikono ya watoto hicho.

Rangi ya maji, ile isiyong'aa: usiweke mafuta ya kula, ukuta utayanywa na kukuachia doa jipya. Tumia soda ya kuokea, ile ya kwenye keki. Lowanisha kitambaa, kamua, chovya kwenye soda, sugua kwa miduara midogo bila hasira. Dawa ya meno nyeupe ya kawaida nayo inasaidia. Jaribu kwanza sehemu iliyofichwa na kabati. Ukisugua kwa nguvu unatoa rangi yenyewe.

Chokaa: usisugue, itakuja yote. Kwangua nta kwa ubavu wa kijiko, kisha paka chokaa upya. Ila kwangua kweli, kwa sababu chokaa ni maji, na maji hayashiki juu ya nta. Ukipaka juujuu, mchoro utarudi kukusalimia.

Kitenge, shuka au pazia: kwangua nta iliyoganda, weka kati ya karatasi nyeupe mbili, pitisha pasi ya moto mdogo. Karatasi inainyonya nta. Badilisha karatasi mpaka isitoke tena, kisha fua kwa maji ya moto kama kitambaa kinaruhusu. Gazeti usitumie, litakuachia wino.

Meza na kabati la mbao: mafuta kidogo ya nazi, futa, kisha kitambaa chenye sabuni, kisha kikavu. Kioo cha dirisha: maji ya moto na sabuni, au wembe uliolazwa kwa uangalifu. Kioo cha tivii: zima kwanza, kitambaa laini chenye unyevunyevu tu. Usikikwangue wala kukimwagia kitu.

Sakafu ya saruji: kwangua kwa kijiko, kisha brashi, maji ya moto na sabuni ya unga.

Na mafuta ya taa? Najua kila nyumba ina shangazi anayeyasifia. Ni kweli yanayeyusha nta. Lakini yanashika moto, yanaacha harufu na doa, na yakiwa kwenye chupa ya soda mtoto anaweza kuyanywa. Mtoto aliyechora ukuta ndiye huyohuyo anayeonja kila kitu. Mstari wa kreyoni haufai kumpeleka mtu hospitali. Jiki nayo iache, haiyeyushi nta, na ukiichanganya na dawa nyingine za usafi inaweza kutoa hewa ya sumu. Na kama nyumba ni ya zamani sana, usipige msasa rangi yake watoto wakiwepo, maana rangi nyingi za zamani duniani zilitiwa madini ya risasi.

Watu wa Lindi na Mtwara, ninyi hata msilalamike. Mtu aliyekua akipambana na doa la bibo kwenye shati jeupe la shule hawezi kutishwa na kreyoni. Bibo likishaingia kwenye nguo, limehamia.

Ilivyoisha

Sista alifuata maelekezo kwa sehemu kubwa. Ukuta ulikuwa wa rangi ya maji. Soda ikafanya kazi, bluu ikatoka, kijani ikatoka, nyekundu ikagoma kidogo. Akaongeza nguvu. Hapo akapata somo ambalo hakuna video inayokuonyesha: pale aliposugua pakawa peupe kuliko ukuta wote. Kumbe ukuta mzima ulikuwa mchafu, hakuna aliyekuwa anajua. Sasa alama ikawa siyo mchoro tena, ni usafi. Ikabidi afute ukuta wote kwa kitambaa chenye unyevu, kutoka juu hadi chini, siku mbili, akitoka kazini.

Na dogo? Alikula kelele, fimbo hakula. Sista aliniambia alipoinua mkono, mtoto akamwonyesha nyuma ya mlango akasema, "Baba huyo, anakuja." Mkono ukashuka wenyewe. Badala yake akampa kitambaa, wakafuta wote. Dogo alifuta vibaya sana, ila kwa bidii.

Nyuma ya mlango hawakugusa.

Tarehe moja mwenye nyumba akaja, mzee wa heshima zake, kazunguka sebule, kaona ukuta uko safi, kafurahi. Alipokuwa anaondoka, mlango ukajifunga nyuma yake, akageuka. Akasimama pale. Sista anasema moyo ulimwenda mbio, kodi ya miezi mitatu ilikuwa ndiyo kwanza ameilipa na hana pa kuhamia.

"Huyu nani?" mzee akauliza.

"Baba yangu," dogo akajibu. "Yuko Ruangwa."

Mzee akatazama tena ile pikipiki ya magurudumu matatu. "Haya mama," akamwambia sista, "hiyo mtaifuta siku mkihama."

Shemeji alirudi wikiendi hiyohiyo. Kabla hajavua viatu alifunga mlango, akachuchumaa nyuma yake, akauliza kwa nini pikipiki yake ina tairi tatu. Dogo akamwambia ya tatu ni ya kwake, ili naye apande.

Wadau, sisemi tuache watoto wachore kila mahali, kodi ni kodi. Nasema wale wa Songo Mnara hatuwajui majina kwa sababu hakuna aliyeuliza. Na wale waliofuta, mama zetu, dada wa kazi, wafanya usafi wa shuleni, nao hatuwajui kwa sababu kazi yao ikifanyika vizuri haionekani. Ukimaliza kusoma, muulize bi mkubwa: mimi nilichora wapi, na nani alifuta? Piga picha mchoro kabla ya kitambaa, andika jina la mchoraji na tarehe. Halafu andika na jina la aliyefuta.

Kwenu dogo alichora nini, na mlikitoa na nini? Funguka hapo chini. Ila wa mafuta ya taa, tumeelewana.